Nenosiri la Ellerholt

Watu wa Ellerholt si watu wa kujisifu. Watakwambia hivyo wenyewe, na watakushikilia saa nzima wakikwambia. Watakueleza kwamba hakuna viazi katika mkoa wote wa Drenthe, huko Uholanzi, vinavyoiva kama vyao, kwamba mnara wa kanisa lao umeinama kidogo lakini umeinama kwa heshima, na kwamba uwanja wao wa barafu umesawazishwa kuliko meza ya mfalme. Ukitaka kuwanyamazisha, waulize jambo moja tu: marathoni ya kwanza ya mwaka ya kuteleza juu ya barafu ilifanyika kwenu lini? Hapo utawaona wakikagua viatu vyao.

Maana kila baridi inaposhika kweli, vijiji hushindana. Kila kimoja hunyunyizia maji uwanja wake wa lami, tabaka juu ya tabaka, jembamba kama karatasi, mpaka barafu ifike unene wa sentimita tatu kote. Mkaguzi huja na keekee yake, hutoboa, hupima. Kijiji cha kwanza kufaulu ndicho kinachopewa marathoni ya kwanza, na hapo wanakuja watelezaji wote wenye majina, inakuja televisheni, na jina la kijiji linatajwa nchi nzima kabla ya habari za waziri mkuu. Borgermond, kijiji jirani, walikwisha kuipata mara kadhaa na hawaachi kukumbusha. Ellerholt hawakuwahi kuipata hata kwa bahati mbaya.

Mwaka huu Hilje Wolthuis alikuwa ameapa. Mama huyu wa makamo, mwenye mabega mapana na sauti ya kusikika ng'ambo ya shamba, alikuwa mwalimu wa kuogelea kwa kazi yake na mkuu wa barafu wa Ellerholt kwa cheo chake. Cheo hicho hakina mshahara. Kina kofia ya sufu nyekundu na haki ya kumfokea mtu yeyote anayekanyaga uwanjani kabla ya wakati, na Hilje aliitumia haki hiyo barabara.

Ni yeye aliyepigana vikao na vikao hadi klabu ikakubali kufunga mashine. Mabomba yalizunguka uwanja mzima, yanamwaga maji kwa manyunyu mepesi, na kila kitu kiliendeshwa kwa mtandao: unabonyeza simu, vali inafunguka, unabonyeza tena, inafungwa. Na alidai jambo moja zaidi. Alitaka kamera, kipimajoto na unene wa barafu vyote vionekane mtandaoni kwa mtu yeyote, saa yoyote.

"Ya nini hayo yote?" aliuliza mwenyekiti, Roelof Hadders, muuza matrekta. "Tutaanika nguo zetu za ndani barabarani?"

"Nataka Borgermond watazame," Hilje alimjibu. "Watazame, roho ziwaume, wakose usingizi."

Kikao kizima kikapiga makofi. Nani Ellerholt angekataa jambo tamu kama hilo?

Basi Jumapili alasiri, upepo mkavu ukivuma kutoka mashariki na mitaro yote imeganda, simu ya Hilje ikalia. Alikuwa Egbert Nijenhuis, mwoka mikate wa Borgermond na mkuu wa barafu wa huko. Walisoma darasa moja, na tangu siku hizo kila mmoja alikuwa mwiba katika soksi ya mwenzake.

"Moi, Hilje," alisalimia kikwao. "Naitazama barafu yako hapa kwenye simu. Kumbe huko kwenu utando wa maziwa mnauita barafu?"

"Itazame vizuri, baba. Itazame mpaka macho yakutoke. Sentimita mbili na nusu, na usiku bado mzima."

"Sisi tuko nyuma yako kidogo tu. Usilale, bibie."

"Nitalala fofofo. Mashine yangu haisinzii. Kesha wewe na unga wako."

"Aa, kwani hujasikia? Mimi nami ninayo. Fundi wako Sytze alinifungia mwezi wa kumi, ileile kama yako, mpaka rangi."

"Wivu huo!"

"Wivu, ndiyo. Nani amekataa?" Egbert akacheka, akakata simu.

Mkaguzi alikwisha kupanga safari yake. Jumatatu asubuhi angeanza Ellerholt; kama Ellerholt ingekwama, alasiri angekwenda Borgermond. Hilje alikula supu yake ya njegere, akasafisha sahani kwa mkate wa shayiri, akapanda kitandani. Mumewe Albert alimtazama kwa mshangao.

"Huendi kukaa uwanjani?"

"Kufanya nini? Uwanja wenyewe huu hapa," alisema, akiiweka simu kwenye meza ya kitanda.

Akalala, usiku wa baridi kali, katika kitanda chenye joto. Hakuna mkuu wa barafu Ellerholt aliyewahi kufanya hivyo, na Hilje alilijua hilo, na lilimpa raha.

Kulipopambazuka alinyoosha mkono, akaandika nenosiri. Simu ikamkatalia. Akaandika tena, polepole, akiitazama kila herufi. Ikamkatalia tena. Alivaa suruali juu ya nguo za kulalia, akachukua baiskeli, na kabla hajafika uwanjani alikwisha kusikia maji.

Yalikuwa yanamwagika. Hayakuwa manyunyu mepesi. Yalikuwa yanabubujika kwenye kila bomba kama ng'ombe anayekojoa, yakipanda juu ya mbao za ukingo na kushuka mtaroni. Hilje alikimbia hadi kwenye koki kuu akaifunga kwa mikono miwili. Kisha akageuka kuuangalia uwanja wake. Kwenye kona iliyo karibu na jengo la klabu barafu ilikuwa imeyeyuka hadi lami nyeusi. Kwingineko iliganda kwa matuta, imejaa mapovu na majani makavu, na alipoijaribu kwa kisigino ikapasuka kama ganda la yai. Sentimita mbili na nusu za kazi zilikuwa zimekufa.

Alitaka kulia. Hakulia, kwa sababu Roelof alikuwa anakuja mbio, na Hilje halii mbele ya mwenyekiti.

Ndani ya jengo la klabu, kwenye kioo cha kompyuta, palikuwa na picha ya paka wa katuni anayecheka, na chini yake maneno mawili kwa lugha ambayo hakuna mtu wa Ellerholt angeweza kuisoma. Roelof aliitazama ile picha, akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Borgermond!" alinguruma. "Nani mwingine? Nani atapimwa alasiri sisi tukiharibikiwa?"

"Subiri, Roelof. Hatujui bado."

"Wewe hujui. Mimi najua."

Akapiga picha ya uwanja, akaitupa kwenye kundi la kijiji la mtandaoni: Tumehujumiwa. Borgermond wameingia kwenye mashine yetu usiku. Egbert anajua alichofanya. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

Ukitaka kujua watu wapole wanaweza kusema nini, wape kioo kidogo na kidole gumba. Mama wa kwaya ya kanisa aliandika kwamba anafuta oda yake, hawezi kula mkate wa wezi. Mwingine akaandika kwamba amewajua watu wa Borgermond siku zote, damu yao ndiyo hiyo. Mtu akaitoa ile picha kwenye kundi akaipeleka nje, na huko nje mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Drenthe akaweka picha ya nyumba ya Egbert, na mwingine wa mbali zaidi akashauri tanuri lake lichomwe naye akiwa ndani. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye dirisha la duka lake, basi ikasambazwa nayo. Asubuhi haijafika katikati, na Egbert Nijenhuis alikuwa mhalifu wa nchi nzima.

Wakati huohuo Hilje, akiwa amekwisha kumwarifu mkaguzi asipite Ellerholt, alikuwa amempata Sytze, fundi wa mashine, kwa simu ya mezani ya klabu. Sytze alikuwa Amsterdam kwenye kazi nyingine.

"Nimeiona," alisema Sytze. "Si Borgermond, Hilje. Si mtu hata. Ni programu tu, inazunguka dunia ikijaribu milango. Leo imeingia kwenye mtambo wa kuoshea magari huko Ureno na kwenye bwawa la samaki sijui wapi. Haikuwa inawatafuta ninyi. Haiwajui kama mko duniani."

"Imeingiaje? Tuna nenosiri."

"Jina la klabu na mwaka wa kuanzishwa. Ndilo nililoliweka siku ya kwanza, na nikakwambia ulibadilishe. Nikakuandikia tena mara mbili."

Hilje alitazama nje kupitia dirishani. Juu ya mlango wa klabu, kwa herufi za shaba ambazo yeye mwenyewe huzisugua kila majira ya kuchipua, paliandikwa Nooit Gedooid, yaani Haijayeyuka Kamwe, na chini yake 1891. Na kamera yake, ile ya kuwatia wivu Borgermond, ilikuwa inaionyesha dunia nzima ukuta huo mchana na usiku. Barua za Sytze zilimfikia. Alikuwa amezisoma akasema moyoni, nani atakayelisahau jina la klabu? Na kwa nini alibadilishe, jina zuri kama lile? Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Sytze," akauliza, "Borgermond wao uliwawekea nini?"

"Hilohilo. Jina la klabu na mwaka. Ndiyo nampigia Egbert tangu asubuhi. Hapokei. Hakuna wa klabu yao anayepokea."

"Hawapokei kwa sababu tunawatukana."

"Nimejaribu kuingia mwenyewe kutoka hapa niifunge. Nenosiri limekataa. Sasa ama Egbert ana akili kuliko wewe, akabadilisha, ama ile programu iko ndani tayari na bado haijafungua maji. Lazima mtu aende akafunge koki kuu kwa mkono, halafu ang'oe waya."

Hilje aliweka simu chini. Roelof alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesikia yote bila kudakia.

"Kwa hiyo si wao," Roelof alisema.

"Si wao. Ni mimi. Futa ulichoandika."

"Nitafuta, nitafuta." Alisogea karibu, akashusha sauti ingawa hawakuwa na mtu mwingine. "Lakini hebu fikiri, Hilje. Usiku huu baridi inakuja tena, kali kuliko jana. Tukikwangua sasa na kunyunyiza usiku kucha, kesho tuna sentimita tatu. Kama Borgermond watapimwa leo, kwisha habari yetu. Lakini kama na wao itawafika..." Akanyanyua mabega. "Hatujafanya chochote. Hatujagusa kitu. Tumekaa tu."

"Tumekaa tu."

"Tangu babu zetu tunaingoja hii kitu! Wewe mwenyewe uliapa!"

"Niliapa kuwashinda," Hilje alisema. "Sikuapa kusubiri waanguke. Ellerholt ikishinda itashinda kwa barafu yake, Roelof, si kwa matope ya jirani. Sogea nipite."

"Ukienda kule, utanieleza kwa nini nikuachie cheo chako!"

"Nitakueleza. Kwanza nipishe."

Barabara ya Borgermond ilikuwa inateleza kiasi kwamba magari yalikuwa yanatambaa. Hilje alipita kwa baiskeli kando ya mfereji, upepo ukimkata uso, machozi yakimtoka. Aliyaita machozi ya upepo. Njiani alikuwa akijitukana kwa sauti, na matusi ya Drenthe si haba. Lakini kadiri alivyokanyaga ndivyo kitu fulani kilivyokuwa kinamnyooka mgongoni. Kosa alikuwa nalo. Hilo lilikuwa lake. Uoga haukuwa wake, na hakukusudia kuuanza katika umri huu.

Borgermond walikuwa uwanjani, kundi la wanaume na wanawake wenye mifagio, wakisubiri kunyunyiza tabaka la mwisho. Walipoiona kofia nyekundu wakasimama. Egbert alitoka mbele akiwa bado na unga kwenye mikono. Hakucheka.

"Umekuja kuwatazama wezi?" alisema. "Mke wangu analia jikoni. Mtu amempigia simu akamwambia atatuchoma moto. Mtu ambaye hata Kiholanzi hakijui vizuri! Nimezima simu zote. Tumesoma darasa moja, Hilje."

"Si nyie. Najua si nyie, na nitalisema popote unapotaka. Lakini kwanza funga koki kuu, Egbert. Kwa mkono. Na ung'oe waya wa mashine, sasa hivi."

Kundi likaangua kicheko kibaya.

"Msikilizeni huyo!" alisema jamaa mmoja mwenye ndevu. "Tuzime maji, baridi ikiwa ndiyo hii, tabaka moja tu limebaki! Mama, una mbinu wewe. Ungekuwa mbunge!"

"Ingekuwa mimi ningecheka pia," Hilje alisema. "Cheka ukimaliza unisikilize. Egbert, nenosiri lako ni jina la klabu yenu na ule mwaka ulio juu ya mlango wenu. Steeds Vooruit, elfu moja mia nane themanini na nane. Kweli, si kweli?"

Egbert aliuliza, "Nani amekwambia?"

"Mlango wenu ndio ulioniambia. Na langu lilikuwa hivyohivyo. Sytze alinionya nilibadilishe, nikamdharau. Kilichoingia kwetu ni programu ya mtandaoni, imepitia upumbavu wangu mimi, na sasa huenda imo ndani mwenu. Washa simu. Jaribu."

Egbert aliiwasha. Simu ilianza kutetemeka mkononi mwake kama panya aliyenaswa, tusi juu ya tusi, na Hilje, aliyekuwa amesimama karibu, aliyaona mengine. Aliyaona na majina ya waandishi. Mmoja alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Egbert akayafuta kwa kidole, akaandika nenosiri. Likakataliwa. Akaandika tena. Likakataliwa.

Watu wake walikuwa wanangoja. Yule mwenye ndevu alisema, "Egbert, usikubali, huu ni mtego, baada ya yote waliyotufanyia leo..."

"Namjua huyu tangu ana meno ya utotoni," Egbert alisema. "Ataniudhi mpaka siku ya kufa kwangu. Lakini hajawahi kunidanganya. Fungeni."

Gurudumu la koki lilikuwa limeganda. Egbert alilishika, Hilje akalishika juu ya mikono yake, wakavuta wote wawili wakigumia, mpaka likalia, likazunguka, likafunga. Kisha wakasimama wakihema, na hakuna kilichotokea. Mwenye ndevu akaanza kutikisa kichwa.

Ndipo pampu ikawaka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Ilinguruma kwa nguvu zake zote ndani ya kibanda, mabomba yakatetemeka uwanja mzima, yakakohoa, yakatema upepo mtupu. Vali zote zilikuwa wazi kabisa. Kama maji yangekuwapo, yangekuwa yameshaufunika uwanja. Watu wa Borgermond walisimama na mifagio yao wakiisikiliza pampu ile kavu, na mwenye ndevu alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyepita karibu na jeneza. Egbert aliingia kibandani, akang'oa waya. Kukawa kimya.

"Haya," Hilje alisema, maana mtu alipaswa kusema kitu. "Tabaka la mwisho bado. Mashine hamna. Mna makopo ya kumwagilia maua?"

Katika Drenthe huwezi kukosa kopo la kumwagilia maua. Walikimbia majumbani wakarudi nayo, ya bati, ya plastiki, jingine la mtoto lenye sura ya tembo. Hilje aliwapanga mstari, akawafokea kana kwamba ni watu wake: hatua ndogo, kopo chini, usisimame mahali pamoja, wewe mwenye ndevu unamwagilia barafu, si kabichi! Walizunguka uwanja wakirudi kinyumenyume, maji yakiganda nyuma tu ya mkono. Egbert alikuwa pembeni yake.

Mkaguzi alipofika alasiri na keekee yake, mtangazaji wa redio ya mkoa alikuwa nyuma yake na maikrofoni. Egbert alimvuta Hilje pembeni.

"Sikiliza," alisema kwa haraka. "Nitamwambia bado. Nitasema ipo mbili na nusu, aje kesho. Mkinyunyiza usiku kucha mtatufikia. Sisi tulishaipata hii, Hilje. Ninyi hamjawahi. Chukueni."

Hilje alimtazama. Hasira iliyompanda ilikuwa safi, tena ilimpasha joto kuliko supu. Yule alikuwa amemaanisha wema, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulisamehe.

"Thubutu!" alisema. "Mimi sipewi marathoni, Egbert Nijenhuis, kama mkate wa jana. Unadhani nimekuja huku kwa baiskeli ili unionee huruma?"

Akamgeukia mkaguzi kwa sauti ile ya bwawa la kuogelea.

"Bwana mkaguzi! Anzia pale, kona ya mbali. Pale ndipo jua linapopiga, pale ndipo penye kasoro kama ipo. Ukipita pale umepita kote."

Mkaguzi alitoboa. Akaingiza kipimo chake, akapiga goti, akakisoma mara mbili. "Tatu na kidogo," alisema. Akaenda kwingine, kila mahali tatu na kidogo, na Borgermond nzima ikapiga kelele hadi kunguru wakaruka kutoka kwenye miti. Hilje alipiga makofi. Moyo ulikuwa unamuuma vibaya, na alipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Mtangazaji aliiona kofia nyekundu akasogeza maikrofoni. "Na huyu ni wa Ellerholt! Mama, asubuhi tumesikia kwamba uwanja wenu ulihujumiwa na Borgermond. Mnasemaje?"

Hilje alijua redio ile iko wazi kwenye jengo la klabu, iko wazi kwenye kila jiko la Ellerholt.

"Naitwa Hilje Wolthuis, mkuu wa barafu wa Ellerholt," alisema. "Hakuna mtu wa Borgermond aliyetugusa. Mlango wa mashine yetu niliuacha wazi mimi, kwa kiburi, nikaonywa nikapuuza. Waliomtukana mwoka mikate huyu na mkewe leo wamemtukana mtu asiye na kosa, na wengine wao nawajua kwa majina, na wao wanajua nawajua. Barafu hii ya Borgermond ni halali. Nimeimwagilia mwenyewe. Marathoni ni yao." Akavuta pumzi. "Na mwakani tutawachapa."

Jua lilikuwa linashuka aliporudi. Njia nzima hakujitukana tena. Alikuwa amechoka hadi mifupani, na alikuwa anafikiri jinsi atakavyoivua kofia: nje, mbele ya watu, si kwa kujificha. Angemkabidhi Roelof mkononi. Asingesema maneno mengi.

Lakini alipofika kwenye kona ya uwanja aliona taa zimewashwa zote. Kijiji kizima kilikuwa juu ya barafu iliyokufa, wamepiga magoti, na patasi, na majembe, na visu vya jikoni, wakikwangua matuta. Yule mama wa kwaya alikuwepo, uso umemwiva, hakumtazama machoni. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwepo pia, anakwangua peke yake kwenye pembe ya mbali. Mtu fulani alizima redio.

Hilje alishuka kwenye baiskeli, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akaivua.

Roelof alikuja kutoka upande wa pili, magoti ya suruali yamelowa, mkono mmoja una damu kidogo. Aliitazama kofia aliyonyooshewa.

"Tumeshindwa," Hilje alisema.

"Tumesikia." Sauti ya Roelof ilikuwa imekauka. "Nchi nzima imesikia. Binti yangu amepiga simu kutoka Rotterdam, anauliza: yule mama ni wa kwetu? Nikamwambia ni wa kwetu, wa kwetu kabisa, tangu lini akawa wa watu wengine?" Akaikunja kofia mkononi mwa Hilje, akaisukuma irudi kifuani kwake. "Vaa, masikio yatakatika. Marathoni ya pili bado haina mwenyewe. Tuna ndoo, tuna watu, na hakuna hapa anayekwenda kulala. Tuambie pa kuanzia."

Hilje aliivaa. Kisha akapanda juu ya mbao za ukingo, akasimama akiwatazama watu wake wote waliopiga magoti, akaanza kuwafokea.